Mabeseni ya Mama Rehema

Udongo mkavu ukimwagiwa maji yaliyooshewa mchele hutoa harufu ambayo sijaikuta kwingine: nzito, tamu kidogo, yenye majivu ndani yake. Kwangu mimi hiyo ndiyo harufu ya Kilakala katika kiangazi kile kirefu cha enzi za ruksa, wakati maduka ya mjini yalijaa sabuni za kila rangi na baba yangu alikuwa amepunguzwa kazi kiwandani. Wasomi huieleza enzi ile kwa habari za soko huria. Sisi tuliijua kwa mchicha. Nyuma ya nyumba mama alikuwa na matuta ya mchicha na figiri, na tangu baba arudi nyumbani mikono mitupu, matuta hayo ndiyo yaliyotulisha na kunivisha sare ya shule. Yangekauka, tungefunga virago tukaishi Matombo milimani, kwa ndugu zake mama. Baba alikuwa ametoka Tabora kufuata kazi, na kwenda kulishwa ukweni aliona ni aibu kubwa kuliko njaa yenyewe.

Mabomba yalipoanza kukohoa hewa tupu, gari la matangazo lilipita mitaani: marufuku kumwagilia bustani, marufuku kufyatua matofali, marufuku kuosha magari, mpaka mvua zinyeshe. Sikatai kwamba maji yalikuwa haba. Tuliiona milima ya Uluguru imekauka, moshi wa mashamba yaliyochomwa ukipanda mchana kutwa, na kijito kimebaki uzi. Kilichotuchoma ni kwamba karibu na ofisi ya kata palikuwa na gesti mpya, na majani ya bustani yake yalinyweshwa kwa mpira wa maji kila siku, mgambo wakipita hapo kama vipofu. Kwetu walikuwa na macho, na vidole pia. Waliingia uani, wakachomeka kidole kwenye tuta, na udongo ukiwa na unyevu mboga ziling'olewa. Za Bi Mwanaidi, jirani yetu mjane, ziling'olewa zote asubuhi moja, naye akabaki amekaa kizingitini na kapu tupu.

Mama hakuwa akigusa maji ya bomba wala ya kijito kwa ajili ya bustani. Alikuwa na beseni. Maji yaliyoosha mchele yaliosha mboga, yakaosha masahani, ndipo yakaenda kwenye matuta. Sabuni ya unga aliifukuza jikoni kwa sababu iliunguza mchicha, akarudia kusugua masufuria kwa majivu kama alivyofunzwa na mama yake huko milimani. Majirani walimcheka sana: dunia imefunguliwa, yeye anarudi kwenye majivu! Baada ya yaliyompata Bi Mwanaidi hawakucheka tena. Mmoja mmoja walikuja kuuliza majivu ya kuni gani ndiyo mazuri.

Kisha akaja mtendaji wa kata mwenyewe, na mgambo wawili nyuma yake. Mama alimwamkia vizuri, akamtolea kigoda. Hakukaa. Alichomeka kidole tutani, akakitazama, akasema amri imevunjwa. Mama akamweleza safari yote ya yale maji, toka kwenye mchele hadi kwenye masahani, akamwonyesha na beseni.

"Mama Rehema, maji ni maji," alisema mtendaji. "Na wakati huu wa shida maji yote ni ya serikali. Mpaka kesho mchana uwe umeng'oa mwenyewe."

Mtendaji alipoondoka, baba alisema mwenye nguvu mpishe. Mama alijifunga kanga kiunoni akatoka, akapita nyumba hadi nyumba, na aliporudi alikuwa anaimba.

Asubuhi tuliteremka kwenda ofisi ya kata, wanawake wa mtaa mzima na mabeseni vichwani, mimi na kabeseni kangu ka kunawia. Tulisalimu, tukayapanga barazani, kwenye ngazi, mpaka mlangoni. Yalikuwa maji ya kijivu, yenye punje za wali na magamba ya dagaa, na nzi hawakuchelewa. Mtendaji alitokea akakosa pa kuweka mguu.

"Ulisema maji yote ni ya serikali," mama alimwambia. "Tumekuletea. Na kesho tutaleta mengine."

Aliamuru tuyaondoe. Bi Mwanaidi akamuuliza kwa upole tuyapeleke wapi, maana kuyamwaga bustanini ni kosa. Hakuna aliyecheka. Jirani pale mpira wa gesti ulikuwa ukinyunyizia majani maji, na watu wote waliokuwa barazani wakageuka kuutazama, mgambo nao.

"Yapelekeni huko huko kwenye bustani zenu," mtendaji alisema, akitazama chini.

Mama akamwomba arudie, mgambo wasikie. Akarudia. Tulipanda kilima na mabeseni yetu, na mchicha wetu ukanywa mchana kweupe.

Hatukuhamia Matombo. Leo nina nyumba yangu upande wa Mzumbe, na matangazo ya mgawo wa maji huja kwenye simu badala ya gari, lakini marufuku ni zile zile, na majani ya wakubwa bado ni mabichi. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Sisi hiyo haki hatukupewa, tuliibeba kichwani. Kiangazi kilichopita kijana mmoja wa ofisi ya kata, mpole, mwenye kitambulisho shingoni, alikuta tuta langu limelowa akaniuliza nimepata wapi maji. Nikamwonyesha beseni. Alipoanza kunieleza sheria, nilimwambia asihangaike, kama wanayataka nitawaletea. Njia ya ofisini kwao naijua tangu utotoni.