Kopo la Chokoleti la Kwenda Geita

Daktari alipomkataza mume wangu sukari, alinuna kama mtoto aliyenyimwa pipi. Kila asubuhi alizoea mkate na chokoleti ya kupaka ya dukani, na sasa alikuwa anarudi Geita kwenye karasha lake la kusaga mawe ya dhahabu. Nikamwambia, "Baba watoto, usihangaike, nitakutengenezea mwenyewe."

Mara ya kwanza niliharibu. Karanga nilizikaanga vizuri, nikazifikicha maganda yakatoka, nikapepeta. Kosa lilikuwa kwenye matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikaanikwa, ambavyo nilitaka viwe ndiyo sukari yangu. Niliviloweka ili vilainike, na maji yale yakaotesha ukungu kopo zima. Safari iliyofuata nilivitwanga vikiwa vikavu, nikachekecha unga wake, nikauchanganya na kakao na chumvi kidogo. Kisha nikageukia karanga, nikatwanga mpaka zikatoa mafuta zenyewe, nikazichanganya na ule unga. Mkono unauma, na hakuna wa kukupokea mchi. Watoto wameshaondoka, nyumba yetu ya Ibadakuli imebaki na mimi na redio. Nilikuwa natwanga huku nasema peke yangu, namgombeza mtu ambaye hayupo.

Kila mwezi nilimkabidhi kondakta wa basi kopo limejaa. Mume wangu alilirudisha tupu, kifuniko kinanata. Sikukasirika. Kopo chafu lilinihakikishia kwamba amekula, na kwamba anaishi peke yake kama mimi. Aliahidi mwaka ukiisha atauza karasha arudi nyumbani moja kwa moja, na mimi nilikuwa naishi kwa ahadi hiyo.

Safari moja kopo lilirudi limesuguliwa likang'aa. Ndani mlikuwa na karanga mbichi zilizochambuliwa, hakuna hata moja mbovu. Kwetu mwanamke harudishi chombo cha mwenzake kitupu, ni aibu. Mume wangu, miaka yote niliyoishi naye, hajui hata sahani zinakaa wapi.

Nikampigia simu. "Ahsante kwa karanga."

"Karanga gani?"

Nyuma yake nikasikia mtu anafagia.

"Huyo mwanamke anajua haya makopo yanatoka kwa nani?"

Akakohoa, akazunguka mbuyu weee, mwisho akasema, "Nilimwambia anatuma dada yangu."

Kumbe nilikuwa wifi wa mtu. Nilikata simu bila kuaga, nikakaa chini pale pale jikoni. Nilitaka kumchukia yule mwanamke, nikajaribu kweli, lakini mikono yangu ilikuwa ndani ya karanga zake na nilijua alichukua muda gani kuzichambua. Machozi ya kumlilia mume wangu yalikuja baadaye, tena mengi. Yale ya kwanza yalinitoka kwa sababu miezi yote ile ya kutwanga, aliyenishukuru alikuwa yule mwanamke peke yake.