Une bassine asubuhi, la bassine jioni

Mi Kifaransa nilijifunza ku mustari. Masomo iliniisha mapema, donc nilijifunza pale ku petite barrière, pale mupaka wa Rwanda na Congo, asubuhi, karoti iko ku kichwa, tunangoja kuvuka kuenda Goma. Tulikuwa wawili, mi na rafiki yangu, tulikomea pamoja ku kiwanja moja tangu tuko batoto. Yeye alikuwa anatafuta kazi ku hoteli ya kando ya ziwa, ya kupokea bageni, na bageni bengi banatoka Goma. Maneno ya Kifaransa alikuwa nayo. Ile ilimusumbua ni tule tuneno tudogo twa mbele: un, une, le, la. Alikuwa anaturuka twote, sawa mutu anaruka matope.

Nikamwambia, dawa iko hapa mbele yetu. Mama moja anapita na bassine, beseni ya samaki. Mara ya kwanza unaiona: une bassine. Jioni anarudi nayo tupu, mulishajuana: la bassine. Kama ni un ya kiume ao une ya kike, ba mama ba Goma benye kununua karoti balitusahihisha, tena bila huruma. Kulikuwa une brouette, toroli ya viazi. Jioni la brouette inarudi, mwenyewe anaimba. Siku moja un parapluie, mwavuli, ilivuka, kiisha jioni mwenyewe akarudi analowana. Tukabishana tuseme nini ku kitu yenye haiko tena.

“Sema tu le,” akasema. “Tunaijua, hata kama haiko.”

Asubuhi moja kijana nyuma yetu akamucheka, eti na hiyo Kifaransa ya karoti, hoteli itamuweka jikoni. Nikatua kikapu. Nilimugombeza ule kijana mupaka batu bakatupita. Rafiki yangu akanivuta kitenge: “Sha, acha. Nafasi yetu inaenda.”

Siku ya kupimwa ku hoteli nilimungojea inje. Balimwambia aseme ile anaona ku dirisha. Akaona un bateau, mashua ku ziwa, kiisha le bateau ikaondoka. Akatoka mbio. “Nilifanya sawa tuko ku mustari,” akaniambia. Kazi akapata, na mi nikamwambia kila mutu ya barabara, hata benye hawakuuliza.

Lakini bila yeye mustari ikakuwa murefu. Nilijaribu muchezo na dada mwenye alikuwa nyuma yangu, akanipa mugongo. Nikawa nabaki kutaja bintu peke yangu, pole pole, sawa mutu anasali.

Juzi nikachelewa kidogo. Kufika, nikamukuta rafiki yangu amesimama karibu na mbele, bila kitu ku kichwa. Ilikuwa siku yake ya kupumuzika, na Goma hakuwa anaenda.

“Ingia,” akasema. “Nilikushikia nafasi, we na mudomo yako.”

Mama ya samaki akapita. Hata kama ni asubuhi, tulishaijua. Tukasema pamoja, kwa nguvu: la bassine. Nyuma mutu akacheka. Sikugeuka.