Vifaranga Wakitulia

Mama mkwe wangu hakuwahi kuniamini na vifaranga. Kupika, sawa. Kumwogesha mjukuu wake, sawa. Lakini vifaranga, thubutu! Mtaa mzima ulimwita Mama Vifaranga, naye alijiona hana mpinzani.

Wakiletwa, kwanza aliwapa maji ya uvuguvugu yenye glukosi, akimchovya kila mmoja mdomo mpaka ajue kunywa. Chakula kilifuata baadaye, kimetandazwa juu ya gazeti. Jioni aliwapapasa kifuko cha shingoni kujua nani analala njaa. Joto alilipima kwa sikio.

“Wakipiga kelele, wana baridi. Wakitulia, wana raha,” alinifundisha, kisha akanifukuza mlangoni.

Mwaka huo mume wangu akawa akimwita, haitiki.

“Mama, twende hospitali wakakuangalie masikio.”

“Masikio yangu mazima. Nyinyi ndio siku hizi mnanong'ona kama wezi.”

Tukacheka. Mimi na hasira zangu nilidhani ananipuuza makusudi.

Asubuhi moja ya mvua nilirudi kutoka sokoni, nikamkuta ameketi nje ya chumba cha vifaranga, anachambua mchele, uso umekunjuka.

“Mama, vifaranga!” nilipaza sauti.

“Wametulia hao,” akasema. “Tangu asubuhi. Hata sijaingia kuwasumbua.”

Nikausukuma mlango. Jiko la mkaa lilikuwa limezimika. Vifaranga walikuwa wamerundikana kwenye kona, wakipandana kutafuta joto, na wa chini walikuwa wameshakufa, wamekandamizwa bapa. Mama akanipita, akapiga magoti, akaanza kuwafukua kwa mikono miwili. Akamwinua mmoja aliye hai. Mdomo wake ulikuwa ukifunguka na kufungika, ukifunguka na kufungika. Mama akamkodolea macho. Akamsogeza kwenye sikio la kulia, kisha la kushoto.



“Mwanangu,” akasema, “huyu analia?”

Nikaitikia kwa kichwa.

Akawatazama wale waliolala kwenye maranda ya mbao, kisha akanitazama mimi mdomoni.

“Wameniita muda mrefu?”

“Hapana, mama,” nikamwambia polepole, ili aone ninachosema. “Sasa hivi tu.”

Kelele zao nilizisikia tangu kona ya barabara.