Shimo la Maji Machafu Sori

Juzi, nikiwa katika ofisi ya afya mjini Migori, mwenye hoteli mmoja wa Sori alitandaza gazeti mezani pa afisa wa afya. Alikuwa ameamriwa achimbe shimo la maji machafu, la sivyo hoteli ifungwe.

"Soma hapa, daktari. Ng'ambo walisukuma maji machafu chini ya ardhi, nchi ikatetemeka. Mimi sitaki kuangusha Sori."

Afisa alisoma, akalikunja polepole. "Hao walitumia mashine, wakaenda chini kabisa. Wewe nataka futi kumi tu."

Mke wa mwenye hoteli, aliyesimama nyuma ya mumewe, akakohoa. "Usiogope, daktari. Huyu mzee akichimba, hata kuku hawashtuki."

Mzee alicheka kuliko sisi wote, kisha akaomba wiki moja, akapewa. Wasomaji wangu, kumbe gazeti mnalisoma kwa makini, hasa pale linapowaruhusu kupumzika.