Dakika Ishirini na Moja Mpaka Zahanati

Kazi yangu ni kubeba mizigo ya wageni mlimani. Shule niliishia la saba, lakini miguu yangu ina digrii.

Mwaka juzi, kipindi cha mvua, wageni hakuna, alikuja dada mmoja kitongojini kwetu, huku Masama ya juu kabisa. Ana simu, ana mafomu. Anapima watu wanakaa umbali gani na huduma za afya. Mwenyekiti wa kitongoji akatukusanya, dada akaeleza: kama mtu anatembea zaidi ya saa moja kufika zahanati, kitongoji chake kinaingizwa kwenye huduma ya mkoba, yaani nesi anapanda na dawa zake kuwafuata mara moja kwa mwezi.

"Kwani zahanati iko mbali?" akauliza.

Mkutano mzima ukajibu, "Hapo chini tu!"

Huku kwetu ndivyo tulivyo. Mtu kihamba, shamba la ukoo, karithi kwa babu yake, na babu mwenyewe kazikwa hapo hapo kwenye migomba, halafu mgeni aje asikie kwamba anaishi porini? Haiwezekani. Sisi tunakaa karibu na kila kitu.

Dada hakuridhika. Akataka mtu ashuke na simu shingoni, imhesabie dakika. Mwenyekiti akaninyooshea kidole mimi.

"Tembea kawaida yako," dada akaniambia.

Nilitaka kutembea kawaida, kweli tena. Lakini pale njiani walikuwa wamekaa wabeba mizigo wenzangu, na mmoja akapaza sauti, "Oya, leo umebebeshwa simu! Usije ukaomba kupumzika!"

Aisee, nilishuka kama jiwe. Korongo nikalimaliza, daraja la magogo nikaliruka, kilima cha ng'ambo nikakipanda naimba. Dakika ishirini na moja. Dada alivyorudishiwa simu akaguna, akaandika.

Nikaenda nyumbani kifua mbele. Bibi yangu, mama yake baba, ndiye aliyenilea. Alikuwa jikoni anamenya ndizi.

"Bibi, nimetumia dakika ishirini na moja tu!"

Kisu kikasimama. "Za kwenda wapi?"

"Zahanati. Si wanapima, walete nesi huku juu."

"Na wewe ndiye uliyepimwa?"

"Ndiyo."

"Unaumwa nini?"

Hapo ndipo akili ilipoingia. Bibi ana presha. Kila mwezi anashuka kuchukua dawa, na mwezi uliopita hakushuka kwa sababu njia ilikuwa inateleza. Dawa zikaisha, akaanguka hapo hapo jikoni, mimi ndiye niliyemwokota. Nesi asipopanda, mvua ikiendelea, itakuwa vile vile. Na fomu sasa inasema bibi anakaa dakika ishirini na moja.

Nilikimbia kwa mwenyekiti. Nikamkuta dada anakunywa mtori.

"Dada, futa. Mimi si mtu wa kawaida."

"Asubuhi hukuniambia."

"Asubuhi nilikuwa na sifa. Kesho bibi yangu anafuata dawa. Mpime yeye."

Akaniangalia, akacheka, akakubali.

Kesho yake bibi akatoka na kitenge cha kanisani, buti za mvua na fimbo. Dada akamwamkia, akamvalisha simu. Tukaanza vizuri, taratibu, mpaka tulipokaribia nyumba ya bibi mmoja wanayeimba naye kwaya, na hawajawahi kukubaliana nani mzee zaidi. Bibi akanitupia fimbo.

"Shika hiyo. Asinione nayo."

Na akaanza kukimbia! Mlimani kazi yetu ni kuwaambia wageni pole pole, pole pole, lakini sikuwahi kufikiri nitamwambia bibi yangu.

"Bibi, pole pole! Unatuharibia!"

"Nyamaza, anatuangalia!"

Yule mwenzake akachungulia kwenye majani ya masale ya uzio. "Heee! Leo unawahi harusi?"

"Natembea tu, mama! Hapo chini tu!"

Nilitaka kulia. Tulivyokata kona, bibi akaninyang'anya fimbo yake, akakaa kwenye jiwe puu, anahema kama ng'ombe aliyetoka kuzaa. Dada akainama kwenye ile simu.

Bibi akamshika mkono. "Unafanya nini?"

"Nasimamisha saa kidogo, bibi. Umepumzika."

"Mwanangu, nikipumzika zahanati inanisogelea?"

"Hapana, bibi."

"Basi acha ihesabu. Bila hili jiwe mimi sifiki."

Dada akafikiri kidogo. Akaiacha. Halafu na yeye akakaa.

Mawe yalikuwa manne. Kwenye daraja la magogo nilimbeba bibi mgongoni, akanipiga kofi kwa sababu nilitembea haraka. Kilima cha ng'ambo tulisimama kila hatua kumi, na kila tukisimama bibi ananiuliza kama bado nina digrii.

Tulipofika mlangoni, dada akaibonyeza simu: saa moja na dakika kumi na nne.

"Andika mbili," bibi akasema.

"Siwezi, bibi. Naandika ilivyo."

"Haya. Hizo hizo zinatosha?"

"Zinatosha."

Nesi akampima presha, akakunja uso, akasema akae nusu saa kwanza, maana kipimo kinasoma ile njia, hakimsomi mama. Dada akayasikia maneno hayo, akayaandika pembeni mwa fomu.

Kisha akaigeuza fomu, akaweka kalamu apige mstari kwenye zile dakika zangu ishirini na moja. Iliniuma, sitadanganya. Sijawahi kutembea vile tena.

"Dada, subiri nizipige picha kwanza," nikasema.

Bibi alikuwa na fimbo yake, na hakukosa.