Siku Niliyoambiwa Dirishani Kwamba Nimekufa

"Mzee, hapa inaonyesha wewe ni marehemu."

Nilicheka mpaka mate yakanipalia.

Yule dada wa dirishani, beji yake kifuani iliandikwa Paré. Maana yake ni wa kabila la Wasamo. Mimi ni Nabaloum, Mmosi. Na hapa kwetu Burkina, Mmosi na Msamo ni watani wa kufa na kuzikana. Wakikutana lazima matusi yatoke, na ole wake atakayenuna.

Nikamjibu palepale, "Nani afe, mla vichwa vya mbwa wewe? Toa pensheni ya bwana wako niondoke!"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Yeye hakucheka.

"Baba, sikutanii. Majibu yametoka Ivory Coast. Nabaloum, kiwanda cha mbao, Gagnoa. Alifariki mwaka 1989."

Nikamwambia mwaka huo niliondoka Gagnoa nikiwa mzima.

Ngoja niwaeleze. Ili nipate pensheni nilitakiwa niwe nimechangia miaka kumi na tano. Kwetu nilifanya udereva wa kampuni miaka kumi na tatu tu. Miwili iliyobaki niliifanya ujanani, Ivory Coast, nikipasua mbao. Inaruhusiwa kuunganisha. Lakini sasa ile miwili ilikuwa ya maiti.

Na nyumbani mke wangu Poko anaumwa kisukari. Sindano zake tulikuwa tunazipunja, leo nusu, kesho nusu. Kidole kimoja cha mguu kilishaanza kuwa cheusi.

Msinicheke. Nililia nje ya ile ofisi, mzee mzima na kofia yangu.

Dada Paré akanifuata. "Lete mtu uliyefanya naye kazi kule. Aseme mbele yangu kwamba ni wewe. Una wiki mbili, baada ya hapo faili linarudi Ivory Coast."

Mtu gani? Wenzangu walishakufa, tena wao kweli. Amebaki Toé peke yake, Msamo niliyelala naye chumba kimoja Gagnoa, tukitukanana toka asubuhi mpaka usingizi utuchukue. Nikauza baiskeli, nikapanda basi mpaka Koudougou.

Binti yake Solange alinipokea vizuri. Halafu akainamisha kichwa.

"Baba mdogo, umechelewa. Baba hakumbuki mtu. Hata mimi ananiita mama yake."

Toé alikuwa mkekani anachezea kifungo cha shati. Nikamshika mkono, nikamtajia jina langu mara tatu, kwa heshima zote. Akanitazama kama anatazama ukuta.

"Twende naye hivyohivyo," nikamwambia Solange. Sikuwa na pengine pa kwenda.

Ofisini dada Paré akamuuliza taratibu, "Mzee Toé, unamjua huyu?"

"Simjui."

"Nitazame vizuri, ndugu yangu," nikambembeleza.

"Simjui. Nataka kwenda nyumbani."

Dada Paré akafunga faili.

Nikamwona Poko mawazoni. Nikakiona kile kidole. Hasira zikanipanda, nikasahau nipo wapi.

"Toé! Mla mbwa mkubwa wewe! Mtumwa usiye na shukrani! Nimekupikia ugali miaka miwili, leo hunijui?"

Solange kashika mdomo.

Toé akainua kichwa. Midomo ikaanza kumchezacheza.

"Nabaloum? Mwizi wa punda? Wewe si ulikufa?"

"Nani kasema nimekufa?"

"Mimi!" Akajipiga paja kwa kicheko. "Si uliondoka bila kuaga, baba yako alipofariki? Asubuhi mnyapara kaja na daftari lake, anauliza Nabaloum yuko wapi. Nikamwambia mtumwa wangu amekufa, tumemzika kichwa chini miguu juu! Kumbe yule hajui utani wetu. Akavua kofia, masikini, akaandika!"

Miaka ishirini na nne nilikuwa marehemu kwa sababu ya utani.

Dada Paré alishalifungua faili, anaandika huku machozi yanamtoka, sijui ya kicheko au ya nini.

"Usisahau miguu juu," Toé akamwambia.

Nilipomgeukia nimkumbatie, macho yalishazima tena. Akamshika Solange mkono. "Mama, huyu mzee ni nani?"

Pensheni ilianza kutoka baada ya miezi mitano. Poko alikatwa kile kidole, lakini mguu ukabaki, na sindano anachoma nzima.

Ndugu zangu, tania mbele ya anayeujua utani. Mbele ya mwenye daftari, nyoosha maneno. Na wale waliokujua ukiwa kijana, watafute kabla hujawa na shida nao. Mimi nilikaa miaka yote ile sijamtafuta Toé hata mara moja, na hilo linaniuma kuliko kuandikwa maiti.

Sasa kila mwezi, nikishapokea pensheni, napanda basi la Koudougou. Namkuta mkekani na kifungo chake, hanijui. Nakaa karibu yake, navuta pumzi, naanza kumtukana.