Wimbo wa Mama Mbele ya Mgeni

Kwetu wimbo ukitolewa huitikiwa. Hakuna mjadala. Mwimbishaji akitupa mstari, safu nzima ya wanawake inaudaka na kuujibu, hata kama mstari wenyewe unakutukana wewe. Nilimwona kwa macho yangu mke mkubwa wa jirani yetu, amepiga magoti kwenye safu kama ngoma yetu ichezwavyo, uso mzima mweupe kwa msiro, ile dawa ya mti tunayojipaka siku za ngoma. Mke mwenziwe akaimbisha kwamba mwanamke mvivu hupika mchuzi usiolika hadi mume akahama. Kila mtu alijua ni nani anayesemwa. Na yule mke mkubwa akaitikia. Machozi yanachimba mifereji kwenye msiro, naye anaitikia. Matari yalipotulia ndipo alipomrukia mwenziwe akamshika nywele.

Hiyo ndiyo adabu yetu, itikia kwanza, gombana baadaye. Mama alikuwa akisema anayeitwa asiitike ni maiti peke yake.

Mama ndiye aliyekuwa mwimbishaji wetu. Kijiji chetu kiko kati ya Palma na Olumbi, minazi mingi, mihogo, na bahari karibu kiasi cha kuisikia ukiwa jikoni. Mkono wake wa kulia alipiga magoti siku zote somo yake, shoga aliyechezwa naye unyago mwaka mmoja, na ambaye mimi nilimwita Mamdogo tangu nijue kusema. Mama akitoa, Mamdogo ndiye wa kwanza kudaka, wengine wanafuata. Miaka yote hiyo sikuwahi kumsikia amechelewa.

Gesi ilipopatikana baharini, redio nayo ikabadilika. Kila jioni ni safari za Rais. Leo yuko nchi za baridi anapeana mikono, kesho kutwa yuko kwa matajiri wa mafuta amekaa kwenye kiti cha dhahabu, wiki ijayo anapaa tena. Mama anakuna nazi anasikiliza.

"Huyu mwenye nyumba mbona hakai kwake?" anauliza.

"Anaalika wageni," Mamdogo anamjibu.

"Haya! Na watakaopika ni akina nani?"

Tulicheka. Lakini wageni wakaja kweli. Kwanza walikuja watu wa kupima ardhi, na karatasi zao, wakasema kiwanda kitajengwa kwetu, kizungushiwe waya, na sisi tutahamishwa. Waliuliza minazi mingapi, mikorosho mingapi, nyumba za vyumba vingapi. Makaburi hawakuuliza. Mama alikuwa na makaburi matatu pembeni mwa shamba lake, chini ya mnazi mmoja ulioinama: la baba yake, na mawili madogo ya kaka zangu, waliokufa kabla hawajajua kutembea. Kila Alhamisi aliyafagia. Aliwafuata wale watu mara mbili kuwauliza watafanyaje, wakamwambia swali hilo si la idara yao.

Ndipo ikatangazwa visita, ziara ya wakubwa. Rais mwenyewe anakuja kwetu, tena na rais mwenzake wa nchi ya mbali, aje aone kwa macho pahala atakapoweka fedha yake. Kundi letu likachaguliwa kupokea. Mama aliposikia akaenda kuanika mhogo. Nikajua huyu amekwisha kupanga.

Wiki moja kabla, alifika mtu wa protokolo, msimamizi wa mapokezi. Kijana safi, viatu vyembamba vinavyokunywa mchanga wetu, kila hatua tatu anasimama kuvikung'uta. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na Kireno changu ndicho kilichokuwa kimenyooka kuliko cha wengine, basi nikawekwa kuwa mkalimani. Akataka wimbo wote niuandike kwa Kireno. Nikaandika beti tatu: karibu, tumefurahi, Mungu awape afya. Akazisoma, akapiga muhuri. Jamani, wimbo wa ngoma kupigwa muhuri!

Kisha akaniambia taratibu, kwa heshima ya kumwita mwalimu, "Profesora, karatasi hii ni yako. Likitoka neno ambalo halimo humu, sitamuuliza bibi kizee yeyote. Nitakuuliza wewe."

Niliogopa, na sioni haya kusema. Sikuwa nimethibitishwa kazini, nina watoto wawili, na mwezi uliopita mwanamume mmoja wa kijiji alisimama mkutanoni akauliza swali akiwa amepandisha sauti. Askari walimchukua. Alirudi siku ya tatu, na tangu siku ile ukimsalimu anatazama chini.

Kesho yake nilimkuta Mama amekalia mbuzi, anakuna nazi huku anaimba pole pole. Nikasimama nyuma ya ukuta wa makuti nikasikia vizuri kabisa:

Mgeni karibu kwangu, taratibu ukingia,
Baba kalala shambani, mnazi wamwinamia,
Na wanangu ubavuni, wawili wajilalia,
Waya msiwapitishe, wakishtuka watalia.

Kisha akajiitikia mwenyewe: watalia, ee, watalia.

Nikaingia. "Mama, ubeti huo haumo kwenye karatasi."

"Karatasi yako wewe. Mimi sijui kusoma."

"Watanishika mimi, Mama."

"Watakushika kwa lipi? Kwani natukana? Namkaribisha mgeni, namwonyesha waliolala ndani. Wewe ukipata mgeni humwambii asimkanyage mtoto?"

Nikamsihi. Nikalia. Nikasema amwandikie administradori, mkuu wa wilaya, barua, nitaiandika mimi. Akacheka, kicheko kile cha kuudhi.

"Barua! Wao wanaandikiana kila siku, hawajaniona. Siku hiyo watakaa vitini wote wawili, hawana pa kwenda. Nitatoa, wenzangu wataitikia. Sauti moja ni ya kichaa. Sauti thelathini haziwezi kukamatwa." Akarudi kwenye nazi yake.

Hapo ndipo nilipofanya nililolifanya.

Asubuhi ya siku moja kabla ya ugeni, wanawake walikuwa kisimani, Mama amekwenda Palma kutafuta msiro. Nikaenda na ndoo yangu kama mtu wa kawaida. Nikawaambia. Nikasema kuna ubeti wa nne, msiuitikie. Ukitoka tu, inameni, nyamazeni, atadhani mmesahau, ataacha. Nikasema watoto wangu. Nikamtaja yule mwanamume anayetazama chini. Mwanamke mmoja akaniambia waziwazi, "Wewe profesora, unatufundisha laana." Wengine walitazama ndoo zao.

Mamdogo alingoja wote watawanyike. Akanishika kidevu kama mtoto. "Unajua unaniomba nini?"

"Najua, Mamdogo."

"Hujui," akasema. Akajitwika maji yake akaenda.

Siku ile helikopta tatu zilishuka kwenye uwanja wa shule, vumbi likaingia hadi kwenye sufuria za pilau. Wanawake walikuwa wamekwisha kupiga magoti safu mbili, wamevaa kapulana, kanga zetu za huku, mpya zilizogawiwa, kila mmoja na sura ya Rais kifuani na nyingine makalioni, maana kitambaa kilikuwa hakitoshi kuchagua sura ikae wapi. Siku nyingine tungecheka hadi kuumwa mbavu. Rais wetu akakaa. Mgeni akakaa, mtu mrefu, mwekundu kwa jua, anajipepea na kofia. Nyuma yao mkalimani wake aliyejua Kireno, kisha mtu wa protokolo, kisha mimi, na askari pande zote.

Matari yakaanza. Mama akatoa ubeti wa kwanza, Mamdogo akadaka, safu ikajibu. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu, Mungu awape afya, mabega yanapanda na kushuka pamoja, raha ya kutazama. Mtu wa protokolo alikuwa anafuata na kidole kwenye karatasi yake. Kidole kikafika mwisho.

Mama akavuta pumzi, akatoa wa nne.

Sijapata kumsikia akiimba vile. Hakupaza sauti. Aliimba kama anavyoongea na mtu aliye karibu, akimtazama mgeni usoni. Alipofika kwenye "watalia" akanyamaza, akageuza kichwa kidogo upande wa kulia, kwa Mamdogo, kama alivyofanya maisha yake yote.

Kimya. Hata matari yalikosa mkono. Mamdogo alikuwa ameinama, msiro wake unadondoka vipande vipande mapajani. Mama akangoja. Akarudia peke yake: watalia, ee. Akangoja tena. Thelathini wamepiga magoti, hakuna hata mmoja. Nami nilikuwa nimesimama hatua kumi tu kutoka pale, nina mdomo, nakijua kiitikio, nikatazama viatu vya mtu wa protokolo.

Kumbe mgeni hakuwa mjinga. Alimwinamia mkalimani wake, akauliza kitu, swali likapita kwa mkalimani, kwa mtu wa protokolo, likanifikia mimi kwa Kireno: yule mama ameimba nini peke yake mwishoni?

Wote wakanigeukia, hata Rais. Pale, nawaambieni, mlango ulikuwa wazi. Muhuri au si muhuri, rais wa watu ameuliza kwa kinywa chake.

Nikasema, "Anawatakia safari njema."

Ikarudi njia ile ile hadi kwake. Mgeni akasimama, akaweka mkono kifuani, akamwinamia Mama sana, kwa heshima ya kweli. Watu wakapiga makofi. Helikopta zikaondoka kabla pilau halijapakuliwa.

Mama aliinuka akajifuta magoti. Akawatazama wenzake mmoja mmoja, akamalizia kwa Mamdogo. "Nilidhani makaburi yako shambani kwangu tu," akasema.

Njiani kurudi akanishika mkono. Uso wake, Mungu anisamehe, ulikuwa na furaha. "Umeona? Hao wamenitupa, lakini mgeni kaelewa. Kaweka mkono hapa. Alisemaje, mwanangu? Wewe ulikuwa karibu."

"Alisema amesikia," nikajibu.

Uongo wa pili ni rahisi kuliko wa kwanza, na wa tatu hauhitaji hata kufikiri. Miezi ile yote Mama alisubiri kwa amani. Redio ikisema Rais kasafiri tena, anasema, "Huyo anakwenda kwa yule rafiki yangu, watazungumza habari ya shamba." Walipokuja vijana na vigingi vyenye rangi nyekundu, wakakipiga kimoja hatua mbili kutoka kaburi la babu, hakugombana nao. Aliwaletea madafu. Akawaeleza kwa upole kwamba hapa pamekwisha kuzungumzwa, waulize wakubwa wao, mgeni alimpa yeye ahadi. Vijana wakanywa madafu wakatazamana. Mmoja akaniuliza pembeni kama Mama yangu ni mzima wa akili, nikamwitikia kwamba ni uzee tu. Hasira niliyokuwa nayo ningeweza kuking'oa kile kigingi kwa meno, lakini hasira yenyewe ilikuwa ya kunirudia mimi, haikuwa na pa kwenda.

Kwa Mamdogo Mama hakurudi tena. Wakikutana kisimani anageuza ndoo. Alimwita mnafiki mbele ya watu, harusini, na Mamdogo akainuka kimya akaenda kukaa na wakwe. Mara kadhaa nilikwenda kwake niseme, "Nitamweleza Mama ukweli." Ananijibu, "Haya, mweleze." Narudi nyumbani simwelezi.

Mama aliugua masika mawili baadaye. Mamdogo alikuja mlangoni na uji, Mama akageukia ukutani. Uji ule niliula mimi, umepoa.

Alipofariki, shambani tulikuwa tumekwisha kukatazwa kuchimba, hata shimo la mhogo. Wakamzika upande wa Quionga, kwa ndugu za baba yangu, mbali na baba yake mwenyewe, mbali na watoto wake. Sisi wanawake hatwendi makaburini, tulibaki uani. Siku ya tatu, wageni wamepungua, Mamdogo akaja akakaa nami kwenye mkeka. Nywele zake zote zilikuwa nyeupe, sijui zilibadilika lini.

Nikamuuliza kilichokuwa kinanichoma miaka ile yote. "Mbona hukumwambia? Neno moja tu ungemwambia, ni mtoto wako huyu aliyetuzuia, angekusamehe."

"Angenisamehe," akasema. "Halafu angebaki na nani ndani ya nyumba?"

Nikalia mpaka nikajishika tumbo. Hakunibembeleza. Alingoja nimalize, akanifuta kamasi kwa ncha ya kapulana yake, ile ile ya sura ya Rais, imepauka. Kisha akapiga magoti kwenye mkeka, pale pale, msibani, akaanza kwa sauti ndogo: mgeni karibu kwangu, taratibu ukingia. Aliukumbuka wote. Alipofika mwisho akanyamaza, akageuza kichwa upande wangu, akangoja.

"Watalia," nikaitikia.